Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu Kidogo cha Pasadena

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikimjibu msomaji aliyetaka kujua ni akina nani wanaoviongoza vyombo vinavyotembea juu ya sayari ya Mirihi, niliitaja kwa sentensi moja tu Taasisi ya Teknolojia ya California, chuo cha binafsi cha Pasadena, Marekani, ambacho wenyewe hukiita Caltech. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yangu nzima kuhusu bei ya mkonge. Nimechagua barua saba, zote za wasomaji wa mkoa huu wetu wa Tanga, na nimezifupisha pale ambapo salamu zilikuwa ndefu kuliko swali.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya PCM. Nimesoma kwamba chuo hicho kina wanafunzi wa shahada ya kwanza wapatao elfu moja tu. Shule yetu peke yake inakaribia idadi hiyo. Je, hicho ni chuo kikuu kweli, au ni kitivo cha chuo kingine?
(Mwanafunzi, Chumbageni)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni chuo kikuu kamili, na idadi uliyoisoma ni sahihi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ni takriban 1,000, wa shahada za juu ni takriban 1,400, na maprofesa ni kama 300. Utaona kwamba wanaosomea shahada za juu ndio wengi, jambo ambalo ni nadra katika vyuo vyetu, na hilo peke yake linakuonyesha kwamba kazi kuu ya mahali pale ni utafiti. Ukiwagawa wale elfu moja kwa walimu wao, kila mwalimu anapata watatu. Sisi watu wa mwambao, kabla neno chuo halijahamia kwenye majengo ya ghorofa, tulilitumia kwa darasa la Kurani ambamo mwalimu humsikiliza kila mtoto akisoma ubao wake peke yake. Kwa uwiano wa mwalimu na mwanafunzi, Pasadena imekikaribia chuo cha namna hiyo kuliko ilivyokaribia ule ukumbi wa mihadhara ambao mimi nilisomea nikiwa nimesimama mlangoni.

Hata hivyo chuo hicho hakikuzaliwa hivyo. Mwaka 1891 mfanyabiashara na mwanasiasa Amos Throop alianzisha mjini Pasadena, karibu na Los Angeles, shule iliyobeba jina lake na iliyofundisha karibu kila kitu: watoto wadogo, sekondari, ualimu, na kazi za mikono ambazo leo tungezipeleka VETA. Ilikuwa katika muongo uleule Wajerumani walipofungua shule yao hapa Tanga, na kwa miaka mingi hakuna mtu wa mbali aliyekuwa na sababu ya kuifahamu shule hiyo ya Throop. Aliyeigeuza ni mwanafalaki George Ellery Hale, ambaye mwaka 1904 alikuwa amejenga kituo cha kuchunguza jua na nyota juu ya Mlima Wilson, unaoutazama mji huo kutoka juu. Hale aliingia katika bodi ya shule mwaka 1907 na kuwashawishi wadhamini wenzake wafanye jambo ambalo wenye shule hulikwepa kama ukoma, yaani kuachana na madarasa yaliyojaa na kubaki na vijana wachache wa uhandisi na sayansi. Kisha akawavuta mkemia Arthur Noyes na mwanafizikia Robert Millikan. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1920, Millikan akahamia pale mwaka uliofuata, na mwaka 1923 akapata Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo udogo unaoustaajabia si dalili ya chuo kilichoshindwa kukua, bali ni uamuzi uliofanywa mapema na kushikiliwa kwa zaidi ya karne moja. Hakuna shule ya sheria pale, wala ya udaktari, wala ya biashara. Kuna vitengo sita tu: biolojia, kemia, uhandisi, jiolojia na sayansi ya sayari, kimoja cha fizikia, hisabati na falaki kwa pamoja, na kimoja cha sanaa na sayansi za jamii, ambacho masomo yake ni lazima kwa kila mwanafunzi, hata yule anayeamini kwamba historia haimhusu.

Swali: Ndugu Mhariri, unasema Caltech ni chuo cha binafsi. Hapa kwetu kitu cha binafsi kina mwenyewe, na mwenyewe anatazama faida. Huyo mwenye chuo ni nani, na anapataje faida kwa wanafunzi elfu moja?
(Mfanyabiashara, Ngamiani, Barabara ya 12)

Jibu: Hana jina, kwa sababu hayupo. Neno binafsi hapa lina maana moja tu, kwamba chuo hakimilikiwi na serikali ya jimbo la California, ambayo ina vyuo vyake vingine vikubwa. Juu yake kuna bodi ya wadhamini, na wadhamini hao hawagawani chochote mwisho wa mwaka.

Wewe wa Ngamiani nitakueleza kwa neno ambalo unalijua kuliko mimi: wakfu. Mtu akiweka nyumba au duka wakfu, mali ile haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inakwenda kwenye kazi iliyoandikiwa na si kwingine. Vyuo vya aina hii Marekani vinaishi kwa utaratibu unaofanana sana na huo. Matajiri na wahitimu wametoa fedha kwa vizazi, fedha hizo zimewekezwa, na chuo kinatumia sehemu ya mapato bila kuligusa shina. Mfuko wa Caltech unahesabiwa kwa mabilioni ya dola. Ada za wanafunzi elfu moja haziwezi kuendesha darubini hata moja.

Lakini usidhani kwamba serikali haina mkono. Fedha nyingi za utafiti zinatoka serikali kuu ya Marekani kwa njia ya ushindani, ambapo profesa anaandika andiko la mradi na kushindanishwa na wenzake. Tena kuna maabara ya JPL, ambayo ndiyo inayotengeneza na kuviongoza vile vyombo vya Mirihi. Maabara hiyo ni ya NASA, shirika la Marekani la safari za anga za juu, ila tangu mwaka 1958 inaendeshwa na Caltech kwa mkataba, na watumishi wake ni maelfu kadhaa, wengi kuliko wanafunzi wote wa chuo. Bajeti ya Washington ikiyumba, Pasadena nayo inayumba: Februari 2024 JPL iliwaachisha kazi watu wapatao 530.

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba unieleze kama kweli udogo unasaidia utafiti au ni maneno ya kujipamba tu. Kwa akili ya kawaida, chuo kikubwa kina watu wengi zaidi, mashine nyingi zaidi, na kwa hiyo ugunduzi mwingi zaidi.
(Mwalimu, Muheza)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, swali lako ndilo lililonifanya nikae usiku, na nitalijibu kwa kisa cha mananasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na mkemia wa viumbe pale Caltech, Mholanzi aitwaye Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akichunguza ni kitu gani hasa kinacholipa nanasi harufu na ladha yake. Njia yake ilikuwa kuivuta hewa iliyopita juu ya matunda, kuipitisha katika mtego wa baridi kali mpaka mvuke uliomo ugande, kisha kuuchambua mvuke huo kidogo kidogo. Katika miaka hiyohiyo Los Angeles ilikuwa ikifunikwa na ukungu wa kahawia uliochoma macho ya watu na kubabua mboga mashambani, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ulikotoka. Wengi walivilaumu viwanda. Haagen-Smit aliyaweka mananasi kando, akaelekeza mtego wake kwenye hewa ya nje, na kilichoganda mle ndani kikawa majimaji ya rangi ya kahawia yenye harufu kali. Kutoka hapo alionyesha kwamba mvuke wa petroli usioungua vizuri na oksidi za naitrojeni zinazotoka kwenye magari, vikikaa pamoja chini ya jua kali, huzaa gesi ya ozoni, na kwamba ozoni ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza watu. Kwa maneno mengine, mkosaji mkubwa alikuwa ameegeshwa mbele ya nyumba ya kila mlalamikaji. Wataalamu waliofadhiliwa na sekta ya mafuta walimpinga hadharani, naye akarudia majaribio mpaka wakaishiwa hoja. Mwaka 1968 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa, na masharti ya moshi wa magari yaliyotungwa California yameigwa katika nchi nyingi.

Jiulize sasa: katika chuo chenye idara arobaini, kila moja na jengo lake, mtu wa mananasi angeruhusiwa kirahisi namna ile kuingilia suala la hewa ya mji? Nadhani angeambiwa kuna idara inayohusika. Pale Pasadena mipaka hiyo ni myembamba, kwa sababu watu ni wachache na hukutana kila siku, na pia kwa sababu wanafunzi wote, hata wa biolojia, hulazimishwa kupitia msingi mmoja wa hisabati, fizikia na kemia. Mbaiolojia aliyepita kwenye fizikia ya kwanta anaweza kuzungumza na mwanafizikia bila mkalimani.

Kisa cha pili ni kifupi. Mwaka 1936 mwanafunzi wa shahada ya juu, Frank Malina, alitaka kufanyia utafiti roketi, kitu ambacho wasomi wengi wa wakati ule walikichukulia kama ndoto za watoto. Msimamizi wake, Theodore von Kármán, alimkubalia, na akakubali pia kwamba vijana wawili wa mjini wasiokuwa na shahada yoyote, Jack Parsons na Ed Forman, wamsaidie. Milipuko yao iliwapatia baadaye jina la Kikosi cha Kujiua na kuwatoa nje ya kampasi. Pale walipojaribia injini yao ya kwanza, kwenye bonde kavu la Arroyo Seco mwishoni mwa Oktoba 1936, ndipo palipokuja kuwa JPL, na Januari 31, 1958 Marekani ilirusha satelaiti yake ya kwanza, Explorer 1, iliyotengenezwa na maabara hiyo. Mmoja wa kikosi kile, Qian Xuesen, alishukiwa ukomunisti, akazuiliwa kwa miaka kadhaa na kurudishwa China mwaka 1955, ambako aliwajengea Wachina programu yao ya roketi.

Haki yako nikupe, lakini. Udogo una mipaka, na wao wenyewe wanaijua. Mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo midogo mno ya anga lenyewe, yaliponaswa kwa mara ya kwanza, Septemba 14, 2015, yalinaswa na mitambo miwili yenye mikono ya kilomita 4 kila mmoja, iliyojengwa na Caltech pamoja na MIT, chuo kingine cha teknolojia cha Marekani, na kushirikisha wanasayansi zaidi ya elfu moja kutoka nchi nyingi. Kip Thorne na Barry Barish wa Caltech waligawana Nobel ya mwaka 2017 na Rainer Weiss wa MIT. Kazi ya ukubwa huo haifanywi na chuo kidogo peke yake.

Swali: Redioni husema tetemeko limefikia kiwango fulani "kwa kipimo cha Richter". Mjomba wangu anasema Richter ni mashine. Jirani yangu anasema ni mtu wa hicho chuo chako. Nani kati yao nimnunulie kahawa?
(Msomaji, Pangani)

Jibu: Mnunulie jirani. Charles Richter alikuwa mtu, tena alipata shahada yake ya uzamivu palepale Caltech mwaka 1928, na mwaka 1935 alichapisha kipimo hicho alichokitengeneza akisaidiwa na Beno Gutenberg, mtaalamu aliyetokea Ujerumani. Mjomba naye asinyimwe kashata, kwa sababu kipimo chenyewe kilitegemea mashine maalumu ya kunakili mtikisiko na kilitungwa kwa ajili ya matetemeko ya kusini mwa California tu. Wazo la kulipa tetemeko namba moja ya ukubwa Richter alilipata kutoka kwa wanafalaki, ambao tangu zamani wamekuwa wakizipa nyota namba kwa kadiri ya mng'ao wake. Wanafalaki hao, Mwalimu wa Muheza atatambua, alikuwa nao hapohapo.

Namba hizo zinadanganya jicho. Kutoka 5 kwenda 6 si kupanda ngazi moja kama ya nyumba, maana mtikisiko unaonakiliwa unakuwa mkubwa mara 10, na nguvu inayoachiliwa ni kubwa takriban mara 32. Isitoshe, kwa matetemeko makubwa kipimo cha asili cha Richter kinashindwa, hivyo mwaka 1979 Hiroo Kanamori, profesa wa Caltech, na Thomas Hanks walileta kipimo kingine kinachotokana na ukubwa wa ufa uliosogea ardhini. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililofikia 5.9, lilipimwa kwa kipimo hicho kipya, ingawa watangazaji wetu walilitaja kwa jina la Richter, na naamini wataendelea kufanya hivyo.

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tano na amening'ang'ania kuhusu chuo hiki. Je, wanapokea wasichana na wageni? Gharama zake mzazi wa kawaida anaziweza? Na maisha ya huko yakoje kwa mtoto anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza?
(Mzazi, Korogwe)

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Nianze na la wasichana, kwa sababu ndilo jepesi leo ingawa halikuwa jepesi jana. Wasichana wa shahada ya kwanza hawakupokelewa pale hadi mwaka 1970. Sasa wanakaribia nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na profesa Frances Arnold, aliyebuni njia ya kuviboresha vimeng'enya kwa kuiga jinsi maumbile yanavyochagua, alipata Nobel ya kemia mwaka 2018.

Wageni wanapokelewa pia, ila mlango ni mwembamba mno. Waombaji kila mwaka ni zaidi ya 10,000, na nafasi za mwaka wa kwanza ni mia mbili na kitu. Binti yako asikate tamaa, lakini asiweke mayai yote hapo, na mtu yeyote atakayekuja Korogwe kukuahidi nafasi kwa malipo, mfungie mlango. Maombi hutumwa na mwanafunzi mwenyewe kwa mtandao. Tahasusi yenye fizikia, kemia na Hisabati ya Juu inampa msingi mzuri. Mtihani wa SAT au ACT, ambao vyuo vya Marekani huutumia kuwapima waombaji, uliokuwa umesimamishwa tangu mwaka 2020, umerudishwa kuwa wa lazima kwa walioomba kuanza mwaka 2025 na kuendelea, na vituo vya kuufanyia ni vichache, kwa hiyo nauli ya safari iwekwe kando mapema.

Gharama zote za mwaka mmoja, yaani ada, chumba na chakula, zinapita dola 80,000, ambazo kwa shilingi zetu ni karibu milioni 200. Usiitupe barua bado. Chuo huahidi kumfidia kila aliyekubaliwa pengo lote kati ya gharama hizo na uwezo halisi wa familia yake, na kwa familia nyingi za kwetu pengo hilo ni karibu gharama nzima. Lakini kuna fundo ambalo watu wengi hulikuta wakiwa wamechelewa. Kwa raia wa Marekani, ombi la msaada wa fedha haliangaliwi wakati wa kuchagua nani apokelewe. Kwa mgeni linaangaliwa. Tena mgeni asiyeomba msaada wakati uleule anapoomba nafasi hawezi kuuomba baadaye. Wapo wazazi wanaoshauriwa waufiche umaskini wao kwanza ili mtoto apokelewe. Kwa chuo hiki ushauri huo ni sumu.

Kuhusu maisha, masomo ni magumu kwelikweli, kiasi kwamba katika mihula miwili ya mwanzo mwanafunzi haandikiwi alama bali huandikiwa kufaulu au kutofaulu tu, ili aliyezoea kuwa wa kwanza darasani apate muda wa kuzoea kuwa wa katikati. Wanafunzi hukaa katika nyumba za chuo, kila nyumba na desturi zake. Kitu ambacho mimi kimenipendeza ni kanuni yao ya heshima, inayosema kwa ufupi kwamba hakuna mwanajumuiya atakayejinufaisha isivyo haki kwa hasara ya mwenzake. Kwa kuitegemea kanuni hiyo, mitihani mingi mwanafunzi hupewa akaifanyie chumbani mwake, bila msimamizi, akijihesabia muda mwenyewe. Niliposimulia jambo hili katika chumba cha walimu nilichekwa, na sikushangaa, kwa maana nimesimamia mitihani kwa miaka ishirini na sita.

Kama binti anapenda michezo, ajue tu kwamba timu ya wanaume ya mpira wa kikapu iliwahi kupoteza mechi 310 mfululizo za ligi yao ya vyuo, na iliposhinda moja mwezi Februari 2011 habari hiyo ilitangazwa nchi nzima.

Swali: Mimi nina shahada ya kwanza ya kemia na nimekaa mwaka wa pili bila kazi. Je, njia ya shahada za juu katika chuo hicho ipo kwa mtu kama mimi, au ni ya watoto wa Ulaya na Marekani?
(Mhitimu, Lushoto)

Jibu: Ipo, na kwa hesabu za fedha ni nyepesi kuliko ya binti wa Korogwe. Anayepokelewa kwa shahada ya uzamivu pale hulipiwa ada na hupewa posho ya kujikimu, kwa sababu anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa maabara kama alivyo mwanafunzi. Kiswahili kimelipa jambo hili jina linalofaa sana: mzamivu ni mtu anayezama, na anayezama hawezi kuzama sehemu tatu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla hujaandika ombi, tafuta ni profesa gani anafanya kazi unayotaka kuizamia, soma makala zake mbili au tatu mpaka uzielewe, ndipo umwandikie kwa mistari michache kuhusu kazi hiyo na si kuhusu shida zako.

Mfano wako uwe Ahmed Zewail. Alizaliwa Damanhur, kwenye delta ya Nile, mwaka 1946, akasoma shahada zake mbili za mwanzo Aleksandria, akaenda Marekani kwa uzamivu, na mwaka 1976 akaajiriwa Caltech. Huko alitumia mianga ya leza yenye urefu wa femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde, kuzitazama atomu wakati uleule vifungo vya kemikali vinapovunjika na kuungana. Kabla yake wanakemia walijua kilichoingia na kilichotoka, lakini tukio lenyewe hawakuwahi kulitazama. Mwaka 1999 alipewa Nobel ya kemia peke yake, bila kugawana na mtu.

Usiidharau pia njia ya karibu. Tengeru, Arusha, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012, ambayo ni ya umma lakini kwa umbo inafanana na hiki tunachokizungumza: ni ndogo, ni ya sayansi na uhandisi, na imejikita katika shahada za uzamili na uzamivu. Ukianzia hapo, maombi ya nje utayaandika ukiwa na utafiti wako mkononi.

Swali: Mhariri, kwa nini kurasa zetu zihangaike na Pasadena? Tanga haijawahi kuwa na kitu kama hicho na haitakuwa nacho. Tuandikieni yanayotuhusu.
(Msomaji, Raskazone)

Jibu: Bwana wa Raskazone, nusu ya kwanza ya sentensi yako si kweli. Mwaka 1902, wakati shule ya Throop ingali inafundisha watoto useremala, Wajerumani walianzisha Amani, huko juu ya Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo yenye maabara, maktaba na bustani ya mimea ya kutoka kila bara. Ilikuwa ndogo na ya wataalamu wachache, na iliheshimiwa na wanasayansi wa mimea wa mbali. Sitaipamba: iliwekwa kwa faida ya wenye mashamba makubwa, na watu wa milimani waliojua majina na matumizi ya kila mti walifanya kazi mle bila majina yao kuandikwa kwenye taarifa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikawa ya Waingereza, baadaye utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Kituo hicho sasa kiko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na shughuli zake kuu zimeteremka Muheza.

Ila kabla kilimo hakijahamishwa ilifanyika pale kazi ambayo wewe umeila bila kujua. Katika miaka ya 1930 muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiteketezwa na batobato, na watafiti H. H. Storey na mwenzake Nichols walikuwa wakitafuta pale Amani muhogo utakaoustahimili ugonjwa huo. Muhogo wenyewe haukuwa na kinga ya kutosha. Walichofanya ni kuuchanganya na ndugu yake wa porini kutoka Brazili, ule mti wa mpira ambao Wajerumani walikuwa wameupanda mkoani kwetu kwa ajili ya utomvu, kisha wakawa wanaurudisha mseto kwenye muhogo kizazi baada ya kizazi mpaka mizizi ikaota minene na ugonjwa ukapungua makali. Uzao wa mseto huo ulifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, waliutumia kuzalisha aina za muhogo zilizosambazwa nchi nyingi za Afrika. Ukitaka kuuona mti wenyewe huna haja ya kupanda hadi Amani, kwa maana ndio huohuo unaochumwa majani yake na kupikwa nazi, na sokoni tunayaita kisamvu cha mpira.